Doa la Korosho

Mkebe wa biskuti umefika Malmö ndani ya begi la msafiri,
umefungwa kwa pindo la kanga na kamba ya katani.
Somoe ameandika juu ya kifuniko:
USIPINDUE. WATU WAMO NDANI.

Watu mia na arobaini na watatu.
Wananuka nafthalini na ukungu
wa nyumba za mawe za Mikindani,
zile ambazo ukiegemea ukuta
unakwenda na chokaa mgongoni hadi sokoni
na hakuna anayekwambia.

Mchwa walianzia harusini.
Wamemla bwana harusi mpaka kifuani,
wakamwacha bibi harusi ameshika hewa.
Picha ya darasa la nne iligandana na picha ya maziko;
nikazitenganisha kwa mvuke wa birika,
polepole, kama anayemwosha mtoto tongotongo,
lakini Mwalimu Nampinga alikataa kutoka.
Uso wake umebaki kwenye jeneza la mtu mwingine.

Kazi yangu ni ya usiku, kiwanda cha mikate.
Alfajiri narudi, navaa glavu za pamba,
nawapitisha watu wetu kwenye skana, mmoja mmoja.
Taa inapita usoni mwao
nami kila mara nangoja wafumbe macho.

"Huyu wa baiskeli?"
"Mkwinda wa Mitengo. Alikufa na deni la baba."
"Na huyu mwenye mwavuli?"
"Huyo angekwambia Bi Zalia."
"Bi Zalia si mlimzika Juni?"
Mtandao unakwaruza.
"Basi huyo hana jina tena."

Baba amepigwa Lindi, enzi za kambi ya mkonge,
mbele ya ndege iliyochorwa kwenye pazia la studio.
Kiatu kimoja hakina kamba.
Nyuma ya picha, mistari miwili kwa hati ya Kiarabu.
Mimi sikufundishwa; nilizaliwa hati hiyo
ikiwa imeshahamia kwenye hirizi.
Nikashuka kwa Abu Layth, fundi viatu kutoka Basra.
Akasoma kwa kusitasita, kidole kikitembea,
yeye akizijua herufi asijue maana,
mimi nikiyapokea maneno nisiyoweza kuyasoma,
na katikati yetu, juu ya meza ya gundi na misumari,
baba akasema:

*Kivuli nakutumia, mwenyewe ningali mbali;*
*kikianza kufifia, usidhani sikujali.*

Abu Layth akauliza, ni dua?
Nikamwambia, karibu.

Ya mama ndiyo iliyonichosha.
Doa la kahawia shavuni, chini ya jicho la kushoto.
Usiku mbili za mapumziko nimekaa kwenye kompyuta,
nikiazima ngozi ya shavu la kulia,
chembe kwa chembe, hadi akang'aa.
Nikamtumia Somoe.

Kimya. Kisha sauti yake:
"Doa liko wapi?"
"Nimelitoa."
"Ungeuliza kwanza.
Mwaka aliotuacha ulikuwa ukibangua korosho na bibi.
Vidole vimeungua, vina mafuta ya maganda,
na kila jioni unampapasa hapohapo, unamwita.
Ndiyo tukaipandisha picha juu ya kabati.
Ulilia siku tatu. Hukumbuki?"

Sikumbuki.

Nimeitoa ile ya karatasi mkebeni. Doa lipo.
Nimevua glavu, nikakisogeza kidole karibu:
sasa kingefunika shavu zima.
Nikakirudisha.

Ile safi nimeifuta. Kwenye orodha nimeandika:
Mama, barazani, Magengeni. Doa shavuni. Lisiguswe.

Kuna mtoto pembeni mwa picha hiyo
aliyekatwa nusu na fremu, anacheka, jino hana.
Kesho nitamuuliza Somoe ni nani.
Niulize kesho, isifike Juni nyingine.