Ndoo

Saa nane usiku, Kuze.
Feni nimeipa seva; mimi na anipepee Mungu.
Kompyuta kuukuu, niliinunua Mwembe Tayari
haina hata kifuniko.
Programu ni huria: mwenyewe hana jina,
wenyewe ni wengi,
na ikigoma huna wa kumpigia simu.

Nimeunga bomba kwa bomba:
sauti iingie hapa, ichujwe pale,
itoke maandishi, ikaisomeshe mashine.
Mara tatu imevuja.
Nukta moja tu, nilikuwa nimeiweka pasipo pake.

Ya nne ikapita sauti ya Bi Thuweba,
niliyemrekodi Alhamisi akikuna nazi,
na Kimvita chake:
“Ndoo, mwanangu. Ndoo ule.”

Mashine ikajibu:
Ndoo ipi? Ya lita ngapi?

Nikacheka peke yangu, kisha nikanyamaza.
Haina kosa. Haijawahi kuitwa jikoni.

Nikarudi kwenye chujio,
nikalilegeza kama kifumbu kilichobana,
nikaongeza mstari mmoja,
nikawasha upya.

Msikiti wa nyuma unakohoa spika, karibu utaadhini.
Namba zinapanda kwenye kioo, polepole,
sitini, sitini na mbili…

Ndoo, naiambia.
Ndoo.