Ganda la Ndizi, Tsuwano

Nilikula ndizi stesheni nikingoja treni ya behewa moja.
Njaa haina ratiba.
Nikabaki na ganda mkononi,
nikitafuta pipa.

Hakuna pipa.
Si jukwaani, si chooni, si kwenye mashine ya vinywaji
yenye tundu la chupa tu na tundu la kopo tu,
na mimi nililoshika si chupa, si kopo.

Dereva alivaa glavu nyeupe.
Kila ishara aliinyooshea kidole, akaitaja kwa sauti,
saa yake ya mfukoni pia akaitaja,
peke yake, kama anayemsomesha mtoto asiyeonekana.
Nilikaa nyuma yake. Ganda lilikuwa ndani ya koti,
likigeuka jeusi bila kutajwa na mtu.

Tsuwano samaki wanaishi mtaroni.
Nasema mtaro, huu huu wa kando ya barabara,
maji ya magoti, na ndani yake wanapita
wekundu, weupe, mmoja wa rangi ya kutu,
wanene kama paja,
na hakuna aliyekuja na ndoo.
Nilisimama kitambo nikiwapigia bei.
Mungu anisamehe, nilishafika kwenye ndimu.

Watoto wa kofia za njano walinipita,
wakainua mikono, wakavuka,
kisha wakageuka na kuliinamia gari lililowasubiri.
Gari!
Nami nikainama, sijui kwa nani.

Kwa Bi Mitsue Inagaki nilivua viatu vizuri,
nikaharibu baadaye: niliingia sebuleni
na ndara za chooni.
Alicheka, kiganja mdomoni, mpaka machozi.
Ndipo nikatoa ganda
kama mtu anayetoa kidhibiti mahakamani.

Hakushangaa. Alinipeleka kwenye karatasi ukutani:
picha ya chupa, picha ya betri, picha ya mwiba wa samaki,
kila picha na siku yake.
Ganda ni Jumanne na Ijumaa.
Ilikuwa Jumatano.

Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno.
Nilitamani kumwambia hilo,
ila Kijapani changu kilikuwa maneno sita,
na matatu kati yake ya kuomba radhi.
Akalikamua maji, akalifunga kwa gazeti,
kona kwa kona, kama barua
ya kumpelekea mkwe.

Usiku nilisikia kengele ndogo chumba cha pili.
Picha ya mume, ubani, kikombe cha chai,
ndizi moja.

Asubuhi aliniletea ile ndizi.
Nilikataa kwa kichwa, kwa mikono, kwa yale maneno matatu.
Akaionyesha picha, akagusa pua yake,
akavuta pumzi, akafumba macho:
yeye ameshakula harufu.
Kilichobaki ni chako.
Sijawahi kula ndizi polepole namna ile,
nikitazamwa na mwanamume mwenye tai
ambaye, naona, hakupenda kupigwa picha.

Maganda yakawa mawili.

Ijumaa, kabla ya saa moja, ukungu umekalia mlima,
tulibeba mfuko hadi kwenye kona yenye wavu.
Mfuko wenyewe unaonyesha kila kilichomo,
aibu haina pa kujificha.
Akachukua kalamu nene, akaandika juu yake jina,
Inagaki,
herufi mbili kubwa, wino ukinuka.
Jirani yake, Bwana Tokumitsu, akatuinamia,
akausogeza wavu kama inchi moja, akaridhika.
Juu ya waya kunguru alikuwa anausoma
kwa makini kuliko nilivyousoma mimi.

Saa tatu, behewa lile lile.
Dereva akanyoosha kidole, akataja kijani.
Niliingiza mkono mfukoni kwa mazoea,
nikakuta ubaridi tu, na harufu kidogo.
Nyuma yangu, mji ambao jina lake
siwezi kulisoma
unakwenda kuchoma maganda mawili
ya ukoo wa Inagaki.