Kipoza cha Wiki za Witiri

Wiki za shufwa nakaa kwa mama, Oulu.
Wiki za witiri kwa baba, Kemi.
Kompyuta yangu haina kwao,
au ina kwao mara mbili, kama mimi.
Kila Ijumaa naivika koti langu la zamani,
naikalisha kiti cha dirishani,
na kondakta wa treni huuliza
kama abiria huyu naye ana tiketi.

Krismasi baba alininunulia mnara.
Ndivyo tunavyokiita kipoza cha aina ile:
mapezi hamsini na mbili ya alumini,
mirija sita ya shaba, mapangaboi mawili.
Kilo moja na robo. Tuliupima kwa mizani ya samaki.
Baba, dereva wa greda la theluji,
asiyejua kichakataji ni mnyama gani,
alisema, "Kitu kizuri sharti kiwe kizito,"
kisha akatazama pembeni.
Nikajua mnara ule unalipia nini.

Na ulipoza, haki ya Mungu!
Vita vikipamba moto kwenye skrini,
nyuzi hamsini na nane, na kimya,
kimya cha theluji juu ya bati.

Lakini mnara huo umening'inia
kwenye bodimama, ubao mwembamba kuliko biskuti.
Kompyuta iliyotulia mezani haina habari.
Yangu hupanda ngazi, hulazwa ubavu,
huteremshwa kwa kishindo stesheni ya Kemi,
na kila behewa likitikisika, mnara unavuta,
unavuta,
hata siku moja mwezi wa tatu
skrini ikabaki nyeusi kama sufuria.

Nililifungua kasha jikoni kwa mama.
Akaleta taa yake ya kazini,
ile ya kumulika magego ya watu,
akainama, akachungulia.
"Ufa huu hapa."
Halafu, kwa sauti ya chini:
"Baba yako hakuuliza nani atabeba."

Wiki tatu nilichagua na kuchagua tena.
Osku alisema, nenda na maji:
mzigo unahamia ukutani mwa kasha,
bodimama anabaki na kifuniko tu, anapumua.
Kweli. Lakini pampu ina roho ndogo,
na mimi nikiwa jukwaani, baridi chini ya sifuri nyuzi ishirini na sita,
nitakuwa nawaza mirija tu,
kila tone la theluji iliyoyeyuka kwenye koti
nitadhani ni damu yake.

Au niung'oe mnara kila Ijumaa?
Nilijaribu mara mbili, kwa bodi mpya.
Skrubu nne, kitambaa, ile dawa ya kijivu
inayoganda vidoleni na kwenye mkono wa sweta.
Sina moyo wa kufungua na kufunga
kila wiki, kila wiki. Vya kufunga ninavyo vingi.

Nikachukua kifupi.
Kimo cha mkebe wa dagaa, gramu mia nne na kitu,
hakining'inii, kimejilaza tu.
Kichakataji nimekipunguzia umeme kidogo,
kisijidai. Joto litapanda, najua.
Na kelele: pangaboi dogo hulia
kama nyigu ndani ya chupa.

Nilimwambia baba kwa simu.
Alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika.
"Mnara uulete," akasema.
Sasa uko juu ya jokofu lake.
Kati ya mapezi amechomeka bili za umeme,
kadi ya daktari, na ratiba yangu ya shule.

Usiku wa kwanza nyigu alianza saa tano.
Nikapunguza mchezo, nikaita kupitia ukutani,
"Samahani, baba, nazima."
"Iache," akajibu.
Kitanda chake kikalia, akageuka.
"Nikiisikia najua ni wiki ya witiri."

Nyuzi themanini na tatu.
Nikaendelea kucheza.