Mizani ya Alhamisi

Ndege huja Alhamisi, hali ya hewa ikikubali.
Haikubali sana.
Uwanja wetu ni kipande cha changarawe
kati ya mlima na bahari iliyoganda,
kijumba chekundu chenye chumba kimoja, birika moja,
na mizani ya chuma inayopima vyote:
viazi, barua, betri za redio, mbwa mgonjwa,
na watu.

Rubani Torkil haulizi jina. Anauliza kilo.
Ndiyo maana najua uzito wa kila mtu wa pwani hii ya Grinlandi,
nani kanenepa kwa mapenzi,
nani amepungua na bado hajamwambia mumewe.
Ningefungua kinywa, nusu ya kijiji wasingesalimiana.

Alhamisi ile alikuja mzee Masaitsiaq, mwindaji wa sili,
na barua ya hospitali ya kusini, tiketi ya kwenda tu,
koti la zamani, mifuko imevimba.
Alipanda mizani kama mtu apandaye barafu changa,
mguu wa kwanza ukiuliza, wa pili ukisubiri jibu.
Mshale ukatetemeka: sabini na moja.

Mwezi uliopita alikuwa hamsini na nane.

Nilimtazama. Yeye akatazama dirishani.
Ndani ya koti jiwe liligonga jiwe,
sauti ndogo, kama meno ya mtoto kwenye baridi.

"Tumezidi," alisema Torkil. "Kilo kumi na mbili."
Yalikuwapo masanduku ya kushusha. Niliyaona.
Nikaandika sabini na moja.
Nikasema, abiria mmoja abaki.

Ndege ikapaa, ikawa nzi, ikawa mngurumo, ikawa kimya.
Nikamimina kahawa. Akatoa mawe moja moja,
akayapanga juu ya kaunta, meusi, laini,
mengine yangali na chumvi ya ufuo wa nyumbani kwake.
Hatukuyataja.
Alinieleza tu jinsi sili anavyorudi kupumua
kwenye tundu lile lile, majira yote ya baridi,
akiling'ata kingo lisizibe.

Jioni niliyapima, peke yangu. Kilo kumi na nne.
Kumbe siku ile alikuwa hamsini na saba.

Alhamisi iliyofuata anga lilikuwa jeupe kupita kiasi.
Alikuja mapema, mifuko ameigeuza nje
kama masikio ya sungura, ili nione.
Hamsini na sita, niliandika,
na mkono wangu haukutaka kuimaliza ile sita.

Mawe bado yapo. Nayawekea karatasi
zisipeperuke mlango unapofunguliwa.