Tundu Moja, Mara Ishirini

Eibar, alfajiri, mvua.
Nekane amekita ncha ya mkono wa chuma
kwenye tundu la bamba lililokazwa kwa skrubu nne.
Anageuza kiwiko, anazungusha kifundo,
anauinua mkono kama anayemvisha mtoto shati.

Ncha haijasogea.
Kompyuta inasema imesogea.

"Nani kati yenu?" anaviuliza viungo sita.
Anakipeleka kimoja kimoja hadi mwisho wake, anakirudisha,
anaandika kwa penseli. Cha kwanza, sawa.
Cha tatu, cha nne, sawa.
Cha pili, begani, kikivuka nyuzi arobaini:
hapo kinaruka hesabu.

Njia ya mwongo ni fupi, husemwa.
Ya huyu ni ndefu. Uongo hutoka begani
haufiki hata unene wa vumbi,
husafiri mita moja na nusu,
hufika nchani unene wa ukucha.

Nammulikia tochi. Kwenye kioo cha kihisi
kuna doa la grisi, alama ya kidole cha mtu.

Machi yote Iñaki alipima kalibu za pangaboi kwa mkono huu.

Nekane anafuta kioo. Anarudisha ncha tunduni,
mara ishirini tena.
Kisha anatafuta simu.