Kumi na Saba kwa Moja

Sanduku la chama lilikaa uvunguni mwa kitanda changu, Majengo,
ufunguo umefungwa ncha ya leso.
Siku ya kwanza Bi Zuwena alitamka, sisi tukaitikia:
tola moja ya dhahabu ni tola kumi na saba za fedha,
leo, kesho, na siku ya kuvunja chama.
Mwenye hiki alete hiki. Atakapotoa, achague.

Niliandika daftarini kwa kalamu ya risasi
na nikaona nimeandika haki.
Tena lugha yetu inaipenda fedha:
imeipa jina la madini, ikaipa na jina la pesa zote.
Dhahabu haikupewa kazi ya pili.

Miezi mitano mizani ilitulia.
Mkufu wa Bi Salhina ulilala juu ya rupia za marehemu babake Nasra
kama wake wenza waliochoka kugombana.

Kisha Jagjivan, sonara wa Mtaa wa Biashara,
akafuta bei dirishani, akaandika nyingine.
Ishirini na mbili kwa moja. Thelathini. Thelathini na tano.
Uvunguni mwangu bado ni kumi na saba,
kwa kuwa tuliapa.

Hakuna aliyeiba. Hili nataka lisomwe polepole.
Mwanajuma alileta vikuku vya fedha, akatoka na hereni.
Nasra alinunua fedha kwa Jagjivan asubuhi,
adhuhuri akaniletea,
alasiri akampelekea Jagjivan dhahabu,
jioni akapika pilau, akatualika sote.
Nami pia. Pete moja, usiku:
nikajipimia, nikajiandikia, nikatia sahihi mara mbili.

Sanduku likazidi uzito.
Wanachama wakasema, chama kimenona!

Bi Zuwena hakuwa mtu wa kupitapita mjini.
Alikuja mwezi wa Shaabani, binti yake anaolewa,
kudai tola zake kumi na mbili.
Nikafungua. Weupe mtupu.
Akatazama kama anayesoma barua
iliyoandikwa kwa mkono wake mwenyewe.
"Hesabu," akasema.

Tola mia mbili na nne,
ndani ya kikapu cha ukindu alichokuja nacho kwa ajili ya vitunguu.
Sikumpunja hata chembe.

Kona ya Barabara ya Digo nilimwona akikitua,
akabadili mkono, akakiinua tena.
Mimi mlangoni,
kidole nimekiviringisha ndani ya leso,
pale pale penye fundo la ufunguo.