Sikio la Kushoto

Wahenga walisema sikio halipiti kichwa.
Hawakumwona Shela.
Yake yanaanzia utosini, yanapita shavu, yanapita kidevu,
yanalala kifuani
kama ncha za mtandio wa mtu anayetoka msibani.
Nilimpima kwa futi ileile ya suruali:
ncha hadi ncha, inchi kumi na tano na nusu.
Nikaandika kwenye daftari la wateja,
chini ya kaunda suti ya mwenyekiti.

Mtama walicheka.
"Fundi Chinguile, hao sungura wamefiwa?"
Somoe muuza bagia akaja na jibu lake:
"Wamechoka kusikiliza watu."

Dume, Karani, alitoka Morogoro ndani ya katoni,
akashuka ananuka sabuni ya mche.
Joto la Desemba likamvunja nguvu.
Mara tatu nilimpelekea Shela; alimnusa,
akajinyoosha kwenye saruji.
Nikawa namlaza na chupa za maji ya kisima ubavuni,
nikangoja Mei.

Siku ya thelathini na moja Shela alijinyonyoa kifua,
akatandika manyoya juu ya vipande vya khanga nilivyompa.
Saba. Wekundu kama vidole vya kichanga.
Masikio yao mwanzoni ni ya sungura yeyote.
Kuanguka huja baadaye,
leo moja, wiki ijayo la pili,
nawe unapita alfajiri na tochi, unahesabu yaliyolala
kama matroni wa bweni.

Sita walilala.
Wa saba, rangi ya ganda la korosho,
mgongo mpana, shingo fupi, mifupa ya baba yake,
bora kuliko wote:
la kulia likashuka. La kushoto likagoma.
Tukamwita Antena.

Mimi kola inayogoma naijua.
Unaigeuza, unaitia gamu, unaipiga pasi.
Na ziko risasi za nyavu, ndogo kama punje ya uwele;
mshono mmoja chini ya manyoya, uzi wa hariri,
jaji gani angeona?
Usiku wa kuamkia maonyesho sindano ilikuwa na uzi tayari.
Antena magotini pangu, anasaga meno taratibu
kama cherehani iliyotoka kutiwa mafuta.
Nikaichomeka sindano kwenye ukosi wa shati.
Ilibaki hapo hadi Ngongo.

Vumbi la Nane Nane. Jogoo wa mtu wa Nachingwea hanyamazi.
Jaji, mama mfupi kutoka Mtwara,
akafunua meno, akahesabu kucha, akapapasa mgongo,
akaguna guno la mtu aliyeonja mchuzi ukamkolea.
Na sikio la kushoto, wallahi, lilikuwa limelala.
Nilikuwa nalisugua tangu Mnazi Mmoja.
Kisha kipaza sauti kikakohoa:
"Meza ya tisa. Yusto Chinguile, wa Mtama."

Miaka hamsini na nane
jina langu halijawahi kupita kwenye spika.
Nilisimama wima kama mwanafunzi,
na sikio likasimama nami.

Watoto walishangilia. Jaji aliandika kitu kifupi.

Kadi ipo ukutani, juu ya cherehani.
Mwili: thelathini na nane kwa arobaini.
Masikio: sifuri.
Chini, kwa kalamu nyekundu: huyu asizalishwe.

Nimesikia.